Profesa wa NZE

Sikia jirani, kabla hujalipia hiyo sukari nikueleze kitu. Mwezi uliopita nilimwambia fundi wangu, tena kwa sauti ya mtu anayejua, anibadilishie taimingi belti. Gereji yote pale Kondele ikanyamaza. Hata kijana aliyekuwa anapiga pampu tairi aliacha. Fundi akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Akaniambia, "Mkubwa, NZE haina belti. Ina cheni." Wakacheka mpaka muuza maembe akavuka barabara kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Naye akacheka. Muuza maembe, yawa!

Hii Corolla yangu, hiyo NZE, nimeiendesha miaka minne. Nikaapa: sasa nanunua kitabu, naservisi gari yangu mwenyewe.

Jumapili nikashuka Kibuye. Kibuye ya Jumapili unaijua. Ukienda kutafuta kijiko unarudi na kuku. Vitabu vimetandazwa chini kwenye gunia, lazima uiname, na suruali yangu nikiinama ina mambo yake. Nikamwambia muuzaji nataka kitabu cha kutengeneza gari.

"Gari gani?"

"Nyeupe."

Akaniangalia kama daktari aliyemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, akajibiwa Manyatta.

Akanichomolea vitatu. Cha kwanza Haynes, cha Uingereza. Huyo mzee Haynes namheshimu. Mwaka 1965 alikuwa Aden na jeshi la anga, mwenzake akanunua kigari kimechoka, Austin-Healey Sprite. Kitabu cha kiwanda kikawa hakisemi na mtu wa kawaida. Haynes akakibomoa kigari chote, akapiga picha kila hatua, na 1966 kitabu chake kikatoka. Aden, jirani! Joto kama letu, mafuta mpaka kwenye nyusi. Shida ni kwamba Corolla ya Waingereza ya rika la yangu ina injini ya 1.4 au 1.6. Yangu ni 1.5, ile 1NZ iliyoko kwenye Probox. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku hiyo niliona Corolla kwenye jalada, nikatosheka.

Cha pili cha Wamarekani. Injini 1.8, usukani kushoto. Kila picha ni kama unaiangalia gari yako kwenye kioo cha kinyozi.

Cha tatu ndicho kilinimaliza. Ni cha Volkswagen ya Kobe, kiliandikwa na John Muir, 1969, na jalada linasema waziwazi kwamba ni cha mjinga kamili. Jua linanichoma kisogo, nami nimesimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake hadharani. Nikasoma kurasa mbili. Nikaelewa kila kitu! Lakini Kobe injini iko nyuma. Mimi nikifungua nyuma nakuta tairi la spea na viatu vya mama watoto.

Kwa hiyo vitabu viwili vilikuwa vya binamu za gari yangu, na kimoja kilikuwa changu mimi. Nikabeba vyote. Muuzaji alianza na elfu moja. Nikamkazia macho. Tukabishana, nikatoka pale nimelipa elfu moja na mia mbili. Mpaka leo sielewi ilivyotokea.

Jumamosi nikaamka na uamuzi: leo ni kumwaga oili. Jeki sina, nikaiegesha gari juu ya mtaro, magurudumu huku na huku, mimi nikashuka ndani ya mtaro. Mitaro ya Manyatta sikuelezi, pua unayo. Watoto wakajipanga ukingoni kama wako uwanjani. Mama watoto akatoka, akaangalia, akarudi ndani bila neno. Hilo ndilo huniuma zaidi.

Nikafungua kitabu cha Wamarekani, ndicho chenye picha kubwa. Kinaonyesha nati ya sampu iko upande wa kulia. Hapo akili yangu ikafanya kazi, na ingekuwa heri ingelala. Nikajiambia, hawa usukani wao uko kushoto, wetu uko kulia. Basi kulia kwao ni kushoto kwetu! Nikajisifu. Nikageukia kushoto.

Nati ya huku haikutaka spana namba 14 kama kitabu kilivyosema. Ilikuwa na tundu la kuchomeka. Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nikatoka mtaroni, nikaenda kuazima ile spana ya L, nikarudi. Ikafunguka. Oili ikateremka nyekundu, safi, kama juisi. Nikawaambia watoto, mnaona gari inavyotunzwa?

Mama jirani akaja na mkebe wa Kimbo. Alikuwa amekuja kuomba oili chafu ya kupaka nguzo za ua, mchwa wanazimaliza. Akachungulia.

"Baba, hii si ya gia?"

"Mama, mimi nina vitabu vitatu."

Akaenda zake na mkebe mtupu. Nikafunga nati, nikafungua boneti, nikamimina kwenye injini lita nne zote, juu ya oili ambayo haikuwa imetoka hata tone. Nikapiga stata. Yule mama wa Kijapani ambaye sauti yake hutoka kwenye dashibodi kila nikiwasha gari akasema maneno yake ya kila siku. Moshi ukatanda mpaka Kona Legio. Nikaweka D. Gari ikanguruma, haikusogea hata shibiri. Watoto ndio walioisukuma hadi kwa fundi, wakiimba.

Fundi akavuta dipstiki, akaichungulia gia, akaketi chini. Nikamweleza ile hesabu yangu ya kulia na kushoto. Akaniambia taratibu, kama anamfariji mfiwa: "Profesa, kinachohama ni usukani. Injini inabaki palepale."

Halafu akafungua dashibodi, akatoa kijitabu kilichokuja na gari kutoka Japani. Miaka minne nakitumia kuzuia karanga zisimwagike. Kijapani hakijui, lakini akafunua mpaka kwenye mchoro wa kopo la oili, akaweka kidole: 3.7. Lita tatu na nukta saba, pamoja na filta. Ilikuwa mle muda wote, chini ya maganda.

"Na huyu mama wa kwenye dashibodi," nikauliza, "huwa ananionya nini?"

"Anataka kadi ya kulipia barabara za kwao."

Jirani, miaka minne kila asubuhi nimekuwa nikimjibu, "Asante mama, nimesikia."

Nimelipa oili ya gia, nimelipa kumwagiwa oili ya injini upya, nimelipa na filta ile niliyosahau kuibadilisha. Fundi siku hizi ananiita Profesa mbele ya wateja, na muuza maembe ameshika hilo jina.

Sasa hivi vitabu nauza. Cha Waingereza mia mbili. Cha Wamarekani mia, kimenyonya oili nyekundu kuanzia katikati hadi mwisho. Viko hapo kwa mama chapati, amewekea sufuria, mwambie nimekutuma. Cha Volkswagen usiulize, hicho sijamaliza kukisoma.