Jinsi ya Kuzima Mtandao wa Kijiji kwa Betri ya Volti 12

Ukitaka zahanati na wakala wa pesa za simu wakose intaneti, huhitaji kukata waya wala kungoja radi. Panda kilimani, simika mnara wa mita 50, weka betri moja ya volti 12 chini yake, kisha upandishe umeme hadi kwenye redio kwa kebo ya mtandao. Kazi imekwisha.

Hesabu yake ni hii. Kebo ya CAT5e ya shaba tupu, jozi moja ya nyaya ikipeleka umeme na nyingine ikiurudisha, ina ukinzani wa karibu omu 5 kwa mita 60. Redio iliyo juu inataka wati 12. Kwa volti 12, kebo hiyo haiwezi kuifikishia redio zaidi ya wati 7 na kitu, hata betri iwe mpya na imejaa. Kufunga betri ya pili sambamba na ya kwanza hakusaidii: volti ni zile zile, na kitakachoongezeka ni saa za kushindwa tu. Kwa volti 24, redio inawaka, ingawa karibu volti 3 zinapotelea njiani. Kwa volti 48, mkondo unashuka hadi robo ya ampea, na kinachopotea kwenye kebo ni theluthi moja ya wati. Redio ni ile ile na kebo ni ile ile. Ukizidisha volti mara mbili, mkondo unapungua nusu, na hasara ya njiani inabaki kama robo ya ile ya mwanzo.

Mwenye haraka ya kuharibu anunue pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Dukani inauzwa bei ya chini na kwa macho haitofautiani na nyingine, lakini alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya uwezo wa shaba. Mnarani kebo hiyo ni hasara ya kila saa, na mtu akiniuliza nitamwambia airudishe dukani siku hiyo hiyo.

Volti 12 zina heshima yake, lakini mahali pake ni juu ya paa la nyumba, kebo ikiwa ya mita chache na kifaa ni kimoja au viwili.

Wapo wanaoona tatizo hili la umeme kupotelea kwenye kebo wakakimbilia inveta. Paneli ya sola inatoa umeme wa DC, betri inatunza DC, redio inatumia DC, na katikati yake mtu anaweka mashine ya kuugeuza kuwa volti 230 za AC, kisha adapta ya kuurudisha kuwa DC. Umeme unapotea mara mbili kwa sababu ya safari isiyo na lazima, na inveta yenyewe inakula wati zake usiku kucha. Wati hizo zinalipiwa kwa paneli kubwa zaidi na betri nyingi zaidi.

Basi volti 48? Kwa mnara mrefu, ndiyo, na sisiti. Wenye simu za waya walilimaliza jambo hili zamani: vituo vyao viliendeshwa kwa seli 24 za volti 2, upande chanya ukifungwa ardhini ili nyaya zilizofukiwa zisiliwe upesi. Volti 48 pia ziko chini ya 60, mpaka unaotumika sana katika kanuni za usalama wa umeme wa DC. Ila hapa ndipo mafundi wazuri hunaswa. Betri nne za risasi za volti 12 zilizofungwa mfululizo hazibaki kwenye 48. Zikichajiwa kwa nguvu, kila moja ikifika volti 14.4, jumla ni 57.6, na 802.3af, kiwango cha PoE (umeme unaopitishwa kwenye kebo ya mtandao), kinaishia 57. Atakayeacha kontrola ya sola kama ilivyotoka kiwandani, bila kusoma kibandiko cha swichi yake, anaweza kuiunguza saa sita mchana, jua likiwa safi. Punguza volti za kuchaji kwa kadiri mtengenezaji wa betri anavyoruhusu, au weka kigeuzi cha DC kinachotoa volti zisizopanda wala kushuka.

Kifaa cha 802.3af huulizwa kwanza kabla ya kupewa umeme. PoE ya kienyeji, ile ya volti 24 inayokuja na redio nyingi za bei ya wastani, haiulizi. Inamimina tu. Ukimwaga volti 48 namna hiyo kwenye redio ya 24, umeiua, na dhamana haitakusaidia. Na ukiazima umeme kwenye chumba cha mitambo ya simu ambako upande chanya umefungwa ardhini, redio ambayo bodi yake imeungwa na upande hasi itakuwa njia ya shoti. Hapo kigeuzi chenye kutenganisha pande mbili si hiari.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la kamera. Mfumo ni wa volti 48, kamera ni ya 12, fundi anachomeka waya kwenye betri moja kati ya nne. Betri hiyo inamaliza chaji kabla ya wenzake kila siku, nao wanachajiwa kupita kiasi wakati yenyewe bado haijashiba. Baada ya muda seti nzima inaoza, na kijiji kilichochangia pesa za betri kinaambiwa kichangie tena. Kigeuzi kidogo cha kushusha 48 hadi 12 kingeziokoa zote nne.

Fundi, kabla hujashuka kilimani, andika kwa rangi isiyofutika ndani ya mlango wa boksi: volti za mfumo, upande uliofungwa ardhini, volti za kila redio, na mwaka zilipofungwa betri. Atakayeitwa usiku wa mvua akutegemee.