Muulize Shangazi: Mita, Mtungi na Mengineyo

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba Kwa Mathias, Kibaha. Vyumba sita, mita moja. Kila mwezi anayetangulia kununua umeme anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo si langu. Nifanyeje?*
*Mpangaji Gizani*

Marahaba, mwanangu. Umefika panapotakiwa. Kutoka Maili Moja mpaka Mlandizi hakuna ndoa iliyovunjika bila mimi kushauriwa kwanza.

Tena ukoo wetu na kodi ya nyumba tunajuana siku nyingi. Mjerumani alipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, babu mzaa babu yangu kule Kisarawe alikuwa na wake watatu, kila mmoja na kibanda chake. Mzee akapiga hesabu, akavunja viwili, wake wote akawatia kimoja. Rupia 6 akaziokoa. Majirani wanasema alikufa kwa homa. Sisi wa ukoo tunajua kilichomuua.

Mjerumani lakini alilazimika kutembea kuhesabu vibanda. Siku hizi kodi inakufuata kitandani. Tangu Agosti 2021 imepachikwa kwenye umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 5,000 kila sakafu ya ghorofa, Julai 2023 zikawa 1,500 na 7,500. Aliyebuni hilo nampa heko, maana ni akili ya kiwango changu. Mwenye nyumba utamkosa: yuko Dar, simu hapokei, au kaenda kumzika mtu asiyekufa. Ila mwenye kubonyeza mita saa moja usiku hakosekani, na mita haiombi hati ya kiwanja.

Serikali yenyewe ilishasema mdaiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa, wakubaliane, ipunguzwe kwenye pango. Wakubaliane! Neno tamu hilo. Nimelitumia katika ndoa zangu zote nne.

Sasa dawa. Tarehe mosi ikifika, msinunue. Kaeni gizani vyumba vyote sita mkisikilizana pumzi, mpaka mwenye friji ya samaki asalimu amri. Angalizo: mkisusa miezi mitatu deni linalimbikizwa, na atakayevunja mgomo anamezwa 4,500 kwa mkupuo. Dawa hiyo ikigoma, funga ndoa na mwenye nyumba. Mzee aliyetimiza miaka 60, akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anaweza kusamehewa kodi hiyo, kwa hiyo chagua aliyekomaa vizuri. Mahari nitakupangia mimi, kwa bei ya ujamaa.

Nilitaka nisikwambie, ila kinachowaumiza zaidi ni hiyo mita moja. Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja shilingi 100. Mkizidi mnarushwa 292, juu yake VAT asilimia 18, tozo ya REA 3, ya EWURA 1. Yaani kila mmoja wenu ni masikini, lakini mkishaunganishwa kwa waya mnahesabiwa tajiri mmoja.

Basi, haraka haraka: tunza ujumbe wa tokeni, makato yameandikwa humo, mwonyeshe mwenye nyumba siku ya pango, kisha umpe pungufu. Akinuna, hama.

*Shangazi, mimi ni mama lishe, stendi ya Kisarawe. Nimeambiwa niache mkaa. Mtungi wa nusu bei nimeupata, gesi imekwisha Jumatano.*
*Mama Maharage*

Mwali wangu, maharage! Yangu mimi yalikuwa yanaiva kwa kuangaliwa tu. Waliokula wangali wanayataja, wengine kwa machozi.

Umeona mwenyewe: REA, wale wakala wa nishati vijijini, waliweka ruzuku ya nusu bei kwenye mtungi wa kilo 6, ukionyesha kitambulisho cha NIDA. Kujaza ni juu yako. Mkakati wa serikali unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, nami siupingi. Msitu wa Kazimzumbwi umekatwa vya kutosha. Ila mkaa wake mwingi ulipanda malori kwenda kuivisha biriani za Dar. Huo wa sufuria yako ni makombo.

Tena sikiliza. Agizo la kuacha kuni na mkaa lilianza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, mwisho ukiwa Januari 2024. Weka mtoto mlangoni ahesabu. Wa mia moja akishakula, funika sufuria. Wa mia na moja akija na njaa yake, mwambie ukimpakulia unageuka taasisi.

Ama loweka maharage tangu usiku, gesi utaila kidogo. Hilo ni la bure.

Na wewe wa Mlandizi uliyeniandikia kurasa nane kuhusu ushuru wa mazao: nafasi imekwisha. Jibu ni hapana.