Kwanza Jembe, Halafu Miguu

Wapendwa wote wa Kahawa Sukari,

Salamu nyingi kutoka Uingereza, nchi ambamo jembe lina nyumba yake. Wenyeji hulijengea kibanda nyuma ya nyumba, wakalitundika ukutani, na kabla ya baridi kuingia wakalipangusa na kulipaka mafuta. Wengine huweka ndoo ya mchanga uliotiwa mafuta kidogo. Sepetu hudidimizwa humo mara kadhaa, likatoka limesuguliwa na kupakwa kwa mkupuo mmoja. Chekeni tu. Kwa kodi za huku, kibanda hicho kingepata mpangaji kabla ya jua kuzama. Lakini mkimaliza kucheka, kubalini kwamba hapa Mwingereza amesema kweli, na kwamba wanaomhitaji zaidi ni ninyi.

Mtasema jembe huoshwa na kazi. Ni kweli kwa jembe la kibarua, linalosuguliwa na udongo kutwa hadi linang'aa. La plotini kwenu huamka masika, likapalilia sukuma wiki, kisha likalala nje kando ya tangi hadi vuli, shingo imejaa udongo mwekundu. Udongo huo hushika unyevu, na chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Chumvi za mbolea huharakisha mambo. Mpini nao hunyeshewa, hukauka, hulegea, na siku moja jembe huenda kumsalimia jirani bila mwaliko. Majirani zenu wa utafiti pale Ruiru walitoa Ruiru 11 mwaka 1985, kahawa inayostahimili kutu ya majani. Jembe la kustahimili uzembe bado hawajalitoa.

Mtasema pia kuna tupa. Tupa hunoa kwa kula chuma. Ukiiachia kazi ya tambara, itakubakishia mpini. Tena haiondoi ugonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliobainika Uganda mwaka 2001, ulienezwa pia na mapanga: mtu hukata mgomba mgonjwa, akahamia mzima na utomvu uleule. Ndiyo maana wakulima walishauriwa kupitisha panga motoni au kulitia dawa ya klorini. Basi, kabla hamjanawa miguu, kwangueni udongo kwa kijiti, osheni, kausheni vizuri, pakeni mafuta mepesi. Oili chafu ya gari iacheni. Mwisho wake ni kwenye sukuma.

Najua hoja ya mwisho, maana ndiyo hufika kwangu kwa simu: jembe ni bei nafuu, na aliye ng'ambo atatuma pesa. Bei nafuu inayolipwa kila msimu si nafuu tena, hasa kwa anayeilipa. Kwa hiyo, kuanzia sasa ombi la jembe jipya liambatane na picha ya la zamani likiwa safi. Udongo ukionekana shingoni, simu yangu haina chaji.

Wenu wa ughaibuni.