Uainishaji Mpya wa Askari wa Mwili, Pamoja na Masahihisho ya Bango

Elimu ya kinga kwa Waswahili imeandikwa zaidi ukutani kuliko vitabuni. Kila aliyewahi kusubiri zamu yake kliniki analijua Bango: chembe nyeupe ya damu ni askari mwenye mkuki na ngao, kirusi ni dudu lenye miiba, na picha ya mwisho askari yuko chini. Shule ya Bango, kama tutakavyoiita katika utafiti huu, ina fundisho moja: VVU huua askari, na askari wakipungua mtu huumwa. Si uongo. Ila imewatia askari wote katika jinsi moja, na haikusema wanakufaje. Tunapendekeza uainishaji usiojali umbo wala ukoo wa seli, bali namna kila moja inavyoponzwa na kazi yake.

Jinsi ya kwanza ni Wapokezi Wachangamfu, yaani seli za dendriti. Makazi yao ni utando laini wa sehemu za siri na wa njia ya haja kubwa. Wajibu wao ni kukamata mgeni yeyote na kumpeleka kwenye matezi akatambuliwe. Kirusi kinakamatwa na kupelekwa, na matezini ndiko zilikojazana seli kinazozitafuta. Utaratibu umefuatwa kikamilifu.

Jinsi ya pili ni Wajumbe, na hapa mtafiti atakaa sana. Seli T saidizi, ambazo kliniki huziita CD4, si askari hata kidogo. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi: hapigani na mtu, lakini bila muhuri wake hakuna barua inayotoka. Seli hizi hutoa kemikali zinazoamuru wengine waue, wazaliane au watengeneze kingamwili. Kirusi hushika protini ya CD4 iliyo juu ya seli, kisha protini ya pili, mara nyingi CCR5, ndipo kinaingia. (Wapo wachache, hasa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, waliozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi. Timothy Ray Brown alipandikizwa seli za uboho za mtu wa aina hiyo mjini Berlin mwaka 2007 kutibiwa saratani ya damu, na VVU navyo vikatoweka.)

Wajumbe wana spishi tatu. Spishi ya kwanza, Walioambukizwa Kweli, hugeuzwa viwanda vya kirusi na kufa baada ya siku moja au mbili. Hao Bango linawajua. Spishi ya pili ndiyo yenye idadi, nasi tumeipa jina la Waliojimaliza. Kirusi kinaingia ndani ya seli iliyotulia, kinaanza kunakili chembe zake za urithi, kinakwama njiani. Seli inagundua vipande vilivyobaki, inashtuka, inajipasua na kumwaga kemikali za uvimbe. Harufu ya maafa inaita wajumbe wengine, nao wanafika kwa wingi, wanapatwa na yaleyale. Watafiti wa Taasisi za Gladstone, San Francisco, waliokuwa wakichunguza tishu za mafindofindo ya binadamu, waliripoti mwishoni mwa mwaka 2013 kwamba zaidi ya asilimia 95 ya CD4 zinazokufa humo hufa kwa njia hii, bila kuzalisha kirusi hata kimoja. Spishi ya tatu imelala. Tusiiamshe kwa sasa.

Mauaji makubwa hayatokei kwenye damu, ingawa ndiko tunakohesabu. Hutokea kwenye utumbo mpana na mwembamba, makazi ya sehemu kubwa ya CD4 za mwili, na ndani ya wiki chache za mwanzo nyingi huwa zimekwisha, mwenyewe akidhani ana mafua. Ukuta wa utumbo unavuja, vipande vya bakteria vinapenya kwenye damu, na mfumo mzima wa kinga unabaki katika hali ya hatari, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Hapa ndipo tunapotofautiana na Bango: upungufu huu wa kinga unaletwa kwa sehemu kubwa na kinga isiyojua kunyamaza.

Shahidi wetu ni tumbili. Jamii hii ya kima, ambao huko Diani hukwapua mikate mezani mbele ya watalii, huishi na kirusi cha ukoo wa VVU, tena kwa wingi mkubwa katika damu, bila kuugua. Mwili wake hupiga kelele wiki chache za mwanzo kisha hutulia, na ukuta wa utumbo hubaki mzima. Shahidi wa pili ni wanawake wa Pumwani, Nairobi, waliofuatiliwa tangu mwaka 1985: walikuwa wakifanya biashara ya ngono, na baadhi yao walikutana na kirusi mara nyingi wasiambukizwe, na seli zao zilionekana tulivu kuliko za wengine. Kwa msomaji mwenye haraka: utulivu huo hauuzwi kwenye chupa, na baadhi yao waliambukizwa baadaye.

Jinsi zilizobaki tuzipitie upesi. Wauaji, yaani CD8, hupigana vizuri mwanzoni, kisha huchoka. Uchovu ni jina rasmi la kitaalamu, mzaha si wetu. Waandishi, seli B, hutengeneza kingamwili kwa wingi wa ajabu, nyingi zikilenga sura ambayo kirusi kimeshaibadilisha. Kichekesho ni kwamba kipimo cha haraka kilichozoeleka hakitafuti kirusi. Hutafuta kingamwili hizo, na mtu huambiwa ana upungufu kwa ushahidi wa zilizozidi. Makrofaji ni Wenyeji: huambukizwa, hawafi upesi, na ndugu zao wa ubongoni humpa mgeni malazi ya muda mrefu.

Turudi kwa Waliolala. Ni CD4 za kumbukumbu zilizobeba kirusi ndani ya chembe zao za urithi, bila kuzalisha chochote. Dawa za kufubaza huzuia uzalishaji, kinga ikatulia, CD4 zikapanda, na mwenye virusi visivyoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Lakini aliyelala haguswi na dawa. Watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walikadiria mwaka 2003 kwamba hazina hiyo hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi, na kwa mwendo huo ingehitaji zaidi ya miaka 70 ya dawa kuisha. Kwa hiyo anayejisikia mzima kabisa naye anameza kidonge chake leo jioni.