Bao la Mzee Kobe

Paukwa? Pakawa. Palikuwa na kijiji ambacho wanyama wake waliandikiana barua usiku na mchana, na mjumbe wao alikuwa Njiwa. Njiwa hakujua jina wala sura. Alijua namba tu. Mwaka 1981 Mzee Kobe akatoa bao lake, mistari minne, kila mstari mashimo manane. "Shimo lina kete au halina," akasema. "Kila mpangilio ni mlango mmoja." Mstari ulisomeka kuanzia 0 hadi 255, na milango yote ilikuwa 4,294,967,296. Wakati ule kijiji kizima kilitosha chini ya kivuli cha mwembe mmoja, nani angehesabu?

Ndovu aliwahi. Kobe akamjazia mstari wa juu tu: "Mitatu iliyobaki panga utakavyo." Milango 16,777,216 kwa mwenye zizi moja! Panya, na uzazi wake mnaujua, akaachiwa mstari wa mwisho peke yake: milango 256.

Wajukuu wa Panya walipoanza kulala nje, Sungura akaja na ujanja, miaka ya tisini hiyo. "Ua mzima utumie namba moja ya langoni. Ndani jiiteni 192.168 na tarakimu zozote. Hata ua wa jirani wajiite hivyo hivyo." Akakaa langoni na daftari, akiandika barua ya nani imetoka ili jibu limrudie. Ujanja ulifaa, tusimnyime haki yake. Ila mgeni aliyebisha hodi bila kuandikiwa kwanza hakupita, na panya mmoja alipotuma matusi, ua mzima ulifungiwa.

Kobe naye hakulala. Miaka hiyo hiyo alichonga bao refu, mabao manne yameungana, mashimo 128. Idadi ya milango yake ina tarakimu 39. Lakini njiwa wa zamani hakuweza kulisoma. Ilibidi kila ua ufuge njiwa wawili, na njiwa hula mtama. "Kesho," wakasema wote.

Februari 2011 makapu matano ya mwisho ya namba fupi yakagawiwa kanda tano za kijiji, ghala likabaki tupu. Hapo Ndovu akaikumbuka mistari yake mitatu. Akatandika mkeka sokoni.

"Shikamoo, mzee," Panya akasema. "Hii si ulipewa bure?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilipewa, ndiyo. Unataka milango mingapi?"

Panya akafungua fundo la kanga, akahesabu, akanunua mmoja. Akampelekea Sungura langoni.