Mlima Hupandwa kwa Figo

Fedheha ya mhandisi mlimani haina hata hadhi ya ajali. Havunjiki mguu wala haporomoki gengeni, anapitwa tu. Kavaa viatu vya thamani ya mshahara wa mtu, simuni ana jedwali la mwendo na mwinuko lililopitishwa na marafiki zake wote, kisha nyuma yake inasikika sauti: "Samahani bosi, naomba nipite." Ni mpagazi mwenye raba zilizochoka na mtungi wa gesi kichwani. Jedwali halikuwa na safu ya jambo hilo.

Hesabu zake huwa sahihi. Tatizo ni kwamba amepigia hesabu miguu, na Kilimanjaro hupandwa kwa figo. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na Tanga. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, iliyobaki karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni. Mwili unaanza kuhema. Kuhema kunatoa hewa ukaa kupita kiasi, damu inapoteza asidi yake, na ubongo, ambao kwa kawaida hupima haja ya kupumua kwa kuangalia hewa ukaa zaidi kuliko oksijeni, unaona mambo ni shwari na kuamuru pumzi zipungue. Ndiyo sababu usiku hemani mtu husikika akihema, akanyamaza kimya cha kutisha wenzake, kisha akashtuka akitafuta hewa. Mgogoro huu huamuliwa na figo, kwa kutoa baikaboneti kwenye mkojo mpaka damu ikaribie mizani yake. Nazo hufanya kazi kama karani wa masjala: hazikatai, ila huchukua siku kadhaa, na hakuna wa kumpa chai. Mhandisi anayefungua zipu ya hema saa nane usiku, kwenye baridi ya kugandisha, kwa mara ya tatu, ajue kwamba hiyo ndiyo safari yenyewe.

Mtu wa mazoezi atapinga kwamba mwili imara lazima usaidie. Husaidia miguu. Lakini mwenye nguvu hupanda haraka, na anayepanda haraka huzitangulia figo zake, kwa hiyo mkimbiaji hodari anaweza kutapika huku mjomba mwenye kitambi akifika kileleni. Mkimbiaji huyo akiwa na marafiki ni hatari zaidi, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kichwa kinamuuma. Wengine watataja dawa, asetazolamidi, maarufu kama Diamox. Inafanya nini? Inazilazimisha figo kutoa baikaboneti. Hata mkemia amekubali hoja yangu. Mikasa mingine haistahili maelezo: betri hulegea kwa baridi, na kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, maji huchemka kwa nyuzijoto kama 85, kwa hiyo maharage yatakudharau.

Limebaki pingamizi moja: mbona mpagazi anakimbia? "Wale wamezoea," watu hujibu, na hapo kicheko kinaniisha. Kupanda mara kwa mara kunasaidia kweli, lakini wengi hurudi kulala Moshi, chini ya mita 1,000, na mwili husahau mwinuko ndani ya wiki chache. Wapagazi huugua kama wageni, na wapo waliofia mlimani humo. Neno "wamezoea" limekuwa kisingizio cha kumlaza mtu kwenye baridi bila nguo za kutosha. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na mizani ipo getini, lakini hebu tazama kinachopimwa: meza, viti, na siku hizi choo cha kubebeka, ili bosi asiende mbali figo zake zikimwamsha. Figo za mmoja, shingo ya mwingine.

Mhandisi, kama unapenda hesabu, anza na hizi kabla ya kulipa: mpagazi wako atalipwa kiasi gani kwa siku, atakula mara ngapi, na atalala na nguo gani. Ukishapata majibu, ongeza siku mbili kwenye ratiba.