Kiungo Safi cha Shingo ya Gitaa, kwa Mwenye Haraka

Ndugu fundi, gitaa lako litakaguliwa na kwaya nzima ya Goma kabla halijapigwa, na macho yote yataenda pale shingo inapokutana na boksi. Basi pale nje tusifanye kosa. Ndani tutajisaidia.

1. Achana na kiungo cha mkia wa hua. Kata ulimi ulionyooka kwenye kisigino cha shingo, chonga tundu la kuupokea kwenye boksi, zamisha nati ndani ya kisigino, kaza kwa bolti mbili kutoka ndani ya boksi. Wakicheka, wataje Taylor, watengenezaji wa magitaa wa Marekani: nao hufunga kwa bolti, na tangu 1999 hupachika vipande vyembamba vya kurekebisha mwinamo wa shingo.

2. Vipande vya mkaratusi utapewa bure na fundi wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Chemshia chai. Mkaratusi mbichi hujipinda ukikauka, na shingo iliyopinda haifichiki. Tafuta mbao nyekundu ya Beni, kavu kabisa.

3. Sasa siri yenyewe. Usilinganishe kisigino chote na boksi, utazeeka. Chimba katikati yake kwa patasi, milimita moja tu, ubaki ukingo mwembamba wa nje. Huo ndio watu wanaouona. Ingiza msasa kati ya boksi na kisigino, upande mkali ukitazama kisigino, bana kwa mkono, vuta. Unga utoke. Vuta tena. Kisha nyoosha uzi kutoka kichwani hadi kitakoni mwa gitaa: kichwa kikiegemea kushoto, vuta msasa upande wa kulia mpaka uzi ulale juu ya mstari wa katikati.

4. Ulimi unacheza ndani ya tundu? Bandika ubavuni mwake kipande chembamba cha mbao ileile. Pakibaki upenyo wa unywele huko nje, paka gundi na upige msasa ikiwa bado mbichi. Vumbi litaingia na kuziba, rangi ileile.

5. Mwinamo wa shingo, hapo usidanganye hata kidogo. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Laza rula ndefu juu ya freti: ncha yake ipite juu kidogo ya daraja. Ikigonga chini ya hapo, nyuzi zitasimama juu na mwanakwaya ataumia vidole wimbo mzima. Legeza bolti, piga msasa ukingo wa kisigino upande wa chini, kaza, pima tena. Mteja akikukuta katikati ya kazi hiyo, mwambie unalipima gitaa kwa ajili ya mkono wake. Atangoja kwa furaha.